Programu ya duka imenifunga mguu, niende Tume?

SWALI: Dada Wakili, shikamoo. Nina duka la pembejeo hapa Uyole, Mbeya. Mwaka wa sita sasa natumia programu ya mauzo ya kampuni moja, na madeni yote ya wakulima wa viazi yamo humo. Mwaka huu wamepandisha ada mara mbili. Nilipowaambia nahama, wakanijibu kumbukumbu zangu haziwezi kupelekwa kwenye programu nyingine. Huu si uhodhi wa soko? Niende Tume ya Ushindani? Ndaga fijo.
Mwenye duka, Uyole

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole. Mama yangu aliuza mbolea kwa mkopo. Daftari la madeni alilala nalo chini ya mto. Wewe lako umelilaza kwa watu.

Nenda Kabwe asubuhi uangalie daladala. Iliyokwisha kupata abiria kumi ndiyo inayojaa kwanza; ya nyuma yake konda anaita mpaka sauti inakauka. Hapo hakuna aliyevunja sheria. Programu nazo ni hivyo hivyo: penye wengi ndipo wengi huenda, na aliyezoea hahami. Kampuni kufaidika na hilo si kosa, hata iwe kubwa kuliko zote. Kosa linaanza konda anapowahonga wapiga debe wazuie gari la mwenzake lisiingie stendi.

Ndicho kilichoiponza Microsoft. Serikali ya Marekani ilipoishtaki mwaka 1998, Windows, programu yake ya kuendeshea kompyuta, ilikuwa karibu kila kompyuta ya mezani, na hilo lenyewe halikuwa kosa. Ila mikataba yake iliwakataza watengenezaji wa kompyuta kuondoa kwenye skrini alama ya Internet Explorer, programu yake ya kufungulia tovuti, na Netscape, programu ya mpinzani, ikabanwa mlangoni. Mwaka 2000 jaji akaamuru kampuni igawanywe vipande viwili. Mwaka 2001 mahakama ya rufani ikaitengua amri hiyo, lakini ikashikilia kwamba Microsoft ililinda uhodhi wake kwa njia haramu. Watu hukumbuka ilivyoponea chupuchupu, hili la pili hawalitaji.

Inayokaribiana zaidi na yako ni ya Ulaya. Mwaka 2004 Microsoft ilipigwa faini ya euro milioni 497, ikaamriwa pia itoe maelezo ya kuziwezesha seva za wapinzani kuelewana na Windows. Lakini Microsoft ilikuwa imeshika karibu soko zima.

Sheria yetu ya Ushindani ya 2003, hapa Tanzania, inakataza matumizi mabaya ya nguvu ya soko, na ilipotungwa iliweka kizingiti: kampuni iwe imeshika zaidi ya asilimia 35 ya soko. Nikipita maduka ya Mwanjelwa naona kila mmoja na programu yake, kwa hiyo sidhani hao jamaa zako wanafika huko. Wamekubana wewe, soko hawajalibana. Tume si mlango wako wa kwanza.

Anza na mkataba: tafuta kifungu cha kusitisha huduma, na kinachosema kumbukumbu ni mali ya nani. Kama uliweka tiki bila kusoma (na uliweka, hata mimi huweka), omba nakala. Kisha wadai kumbukumbu zako kwa barua, si kwa simu, kabla hujalipa ada mpya.

Na leo jioni, kabla hujafunga duka, jaribu kuchapa orodha ya wadaiwa. Ikitoka, hata kama ni kurasa arobaini, mtafute kijana anayejua Excel, mnunulie soda, akae aiingize upya jina kwa jina, mfuko kwa mfuko.