Watoro wawili na helikopta nyeusi

Ndugu yangu, umeuliza kama filamu uliyoitazama kwenye banda la video pale Kirumba, ya wanaume wawili wanaokimbia wakiwa wamefungwa mikono mgongoni huku helikopta nyeusi ikiwaandama, ilikatwa mwanzo, kwa kuwa hakuna mahali panapoelezwa kosa lao. Haikukatwa. Hiyo ni Figures in a Landscape ya mwaka 1970, iliyoongozwa na Joseph Losey, na tangu mwanzo nchi haitajwi wala wanaowasaka hawajitambulishi.

Ilipigwa picha Hispania. Robert Shaw, anayeigiza MacConnachie, ndiye pia aliyeandika mswada kutokana na riwaya ya Barry England; kijana Ansell ni Malcolm McDowell.

Sisi tuliozoea majabali ya Mwanza twaweza kudhani kwamba mlimani hapakosi pa kujibanza, lakini hapa helikopta hushuka hadi karibu na vichwa vyao, ikawazungukia kama mwewe juu ya kifaranga, na walipojificha ndani ya shamba, shamba lenyewe lilichomwa moto. Kwangu mimi, hofu hiyo inatosha bila maelezo ya kosa.

Udhaifu wake ni maongezi: MacConnachie anapoanza habari za mkewe, mbio zinapoa. Mwisho sitausema, kwani umesema umeme ulikatika kabla hawajafika mpakani. Ukipata nakala, itazame kwenye kioo kikubwa, maana kwenye televisheni ndogo watu wale humezwa kabisa na upana wa nchi.