Kabla ya Kombe, Dai Nafasi Yako Chuoni: Somo la Kazi ya Amos Alonzo Stagg

Walimu vijana wanaokabidhiwa timu za shule na vyuo huniuliza mara nyingi waanzie wapi, na wengi wao hutarajia niwatajie mfumo wa uchezaji au zoezi la kuongeza pumzi. Mimi huwaelekeza kwanza kwenye maisha ya mtu mmoja, Amos Alonzo Stagg, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1862 huko West Orange, New Jersey, akawa kocha mkuu wa futiboli ya Kimarekani (mchezo wa kubeba na kurusha mpira kwa mikono, tofauti na soka) kwa misimu 57, na akachangia kukua kwa mpira wa kikapu tangu mchezo huo ulipokuwa bado na miezi michache. Ushindi wake 314 katika futiboli ya vyuo ulibaki rekodi mpaka mwaka 1981. Hata hivyo, jambo ninalotaka kocha kijana alichunguze kwa makini ni masharti ambayo Stagg aliajiriwa nayo, kwa kuwa naamini kwa dhati kwamba masharti hayo ndiyo yaliyoyawezesha yote yaliyofuata.

Stagg alisoma Chuo Kikuu cha Yale, ambako alikuwa mrushaji hodari wa besiboli na mchezaji wa futiboli aliyechaguliwa mwaka 1889 katika kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa Marekani nzima. Alikusudia kuwa mchungaji, lakini alipoona kwamba hana kipaji cha kuhutubia watu, aliamua kuwalea vijana kupitia michezo, akaenda kwenye chuo cha YMCA (chama cha vijana wa Kikristo) kilichokuwa kikiandaa walimu wa michezo huko Springfield, Massachusetts. William Rainey Harper, aliyekuwa amemfundisha Yale, alipoteuliwa kuwa rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chicago, alimwita aje kuanzisha idara ya mazoezi ya mwili. Stagg aliingia chuoni hapo mwaka 1892 akiwa mkuu wa idara na mwenye hadhi ya profesa mshiriki, katika zama ambazo timu nyingi za vyuo ziliendeshwa na wanafunzi wenyewe, na kocha, pale alipokuwepo, alikuwa mchezaji wa zamani aliyekodiwa kwa majuma machache ya msimu na kuondoka.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Msimu wake wa kwanza Chicago haukuwa na fahari yoyote: wachezaji waliojitokeza walikuwa wachache kiasi kwamba kocha mwenyewe alilazimika kuvaa jezi na kucheza, na baadhi ya wapinzani walikuwa timu za shule za sekondari za jirani na za YMCA. Kocha wa kukodiwa angefukuzwa au angekimbia. Stagg alikuwa mwalimu mwenye ajira, kwa hiyo alipewa muda wa kujenga, na mnamo Novemba 1905 timu yake iliifunga timu ya Chuo Kikuu cha Michigan 2-0, ikakomesha mfululizo wa mechi 56 ambazo Michigan ilikuwa haijapoteza hata moja.

Nami niliielewa hoja hii kwa kuiishi. Katika shule ya sekondari nilikoanzia kazi, michezo ilikuwa jukumu la ziada, maana yake ni kwamba nilikuwa na vipindi vyangu vyote kama walimu wengine, kisha saa kumi jioni nikawakute wanafunzi uwanjani, na ulipokaribia msimu wa UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania, nikaulizwa na kila mtu kwa nini timu haijawa tayari. Nilipohamia chuo cha ualimu na kuombwa kufundisha soka pamoja na mpira wa kikapu, sikukubali papo hapo. Nilikwenda kwa mkuu wa chuo na barua yenye maombi matatu: nipunguziwe vipindi wakati wa msimu, niwe mjumbe wa kikao cha taaluma, na ufunguo wa stoo ya vifaa uwe mikononi mwangu.

Mkuu aliisoma barua, akaniuliza kwa upole, “Mwalimu, vipindi ni asubuhi na mazoezi ni jioni. Vinagongana wapi?”

“Mkuu, kwa ruhusa yako,” nilimjibu, na nikamfungulia daftari nililokuwa nimeandika kazi za juma zima: kuchora mistari ya uwanja kwa chokaa, kushona nyavu, kumfuatilia mchezaji aliyeteguka kifundo, kuandika barua za kuomba mechi za kirafiki, kuandaa zoezi la kesho, kuzungumza na mwalimu wa somo ambalo mchezaji anashindwa. Alilipitia ukurasa kwa ukurasa. Alinikubalia ombi la pili na la tatu siku ile ile, na la kwanza alilikubali baada ya kushauriana na mtaaluma, yaani mwalimu anayesimamia masomo.

Nawashauri makocha wote walipiganie lile ombi la pili kuliko mengine. Kwa kuwa nilikuwa nakaa katika kikao cha taaluma, nilijua mapema kwamba golikipa wangu tegemeo alikuwa ameshindwa majaribio mawili, nikamtoa kikosini kabla mtu yeyote hajanilazimisha, na tukakubaliana naye kwamba jioni mbili za kila juma atakuwa maktaba badala ya golini. Timu iliteseka, sikatai. Kijana alimaliza chuo na sasa ni mwalimu. Kocha asiyeingia katika vikao vya walimu husikia habari za namna hii mwishoni, zinapokuwa tayari ni hukumu.

Upande wa mpira wa kikapu, Stagg ana historia ambayo wapenzi wengi wa mchezo huo hawaifahamu. James Naismith, aliyeubuni mwezi Desemba 1891, alikuwa mwenzake pale Springfield, na mechi ya kwanza kuchezwa hadharani, mwezi Machi 1892, ilikuwa kati ya walimu na wanafunzi wa chuo hicho. Wanafunzi walishinda 5-1, na ile moja ya walimu ilifungwa na Stagg. Wakati huo timu ilikuwa na wachezaji tisa, na hata zaidi ukumbi ukiruhusu. Mwezi Januari 1896 timu ya Chuo Kikuu cha Chicago ilikwenda Iowa City ikacheza na timu ya Iowa kwa wachezaji watano kila upande, ikashinda 15-12, na mechi hiyo hutajwa kuwa ya kwanza ya vyuo kuchezwa kwa idadi tunayoitumia leo. Yeye mwenyewe alikuwa kocha wa kikapu wa Chicago kwa msimu mmoja tu, 1920-21, lakini mashindano ya kitaifa ya shule za sekondari aliyoyaanzisha chuoni hapo mwaka 1917 yaliendelea mpaka mwaka 1930. Kocha anayefikiri kwamba mchango wake hupimwa kwa mechi alizosimamia kando ya uwanja na aitazame orodha hiyo tena: alisaidia kuweka umbo la mchezo na akawajengea vijana jukwaa la kuchezea.

Kuhusu namna ya kusema na wachezaji, nitasema kwa ufupi. Stagg hakuvuta sigara, hakunywa pombe na hakutukana. Neno kali kuliko yote alilolitumia mazoezini lilikuwa kumwita mchezaji punda. Binafsi hata hilo silitumii, maana kwetu punda ni tusi zito kwa kijana mbele ya wenzake. Lakini kipimo chenyewe nakiafiki, na nimeona timu zikifuata mafunzo vizuri zaidi pale kocha anapotaja kosa kwa jina lake: mguu wa egemeo umeondoka mapema, mabega yamegeukia goli kabla ya mpira kufika, kiwiko kiko nje unapotupa.

Upo upande mwingine wa kisa hiki, na ningekuwa nawadanganya wasomaji kama ningeuficha. Nguvu ile ile aliyopewa na Harper ilimfanya Stagg aendeshe idara yake kwa muda mrefu kana kwamba ni chuo ndani ya chuo. Harper alifariki mwaka 1906. Mwaka 1929 alikuja rais kijana, Robert Maynard Hutchins, aliyeamini kwamba futiboli ilikuwa ikikipotosha chuo kikuu, na Stagg alipofikisha miaka 70 alistaafishwa kwa mujibu wa kanuni baada ya msimu wa 1932. Ubingwa wake wa mwisho katika ligi yao ulikuwa wa mwaka 1924. Mwaka 1939, baada ya msimu ambao Michigan iliifunga Chicago 85-0, chuo kiliifuta timu kabisa. Hapo najifunza kwamba kumtegemea mkubwa mmoja anayekupenda hakutoshi. Ombi likikubaliwa, lipelekwe kwenye kikao, liandikwe katika muhtasari, ili mkuu ajaye alikute kama utaratibu wa chuo na asilione kama upendeleo aliopewa mtu fulani.

Stagg mwenyewe alikataa kazi ya ofisini aliyopewa Chicago, akahamia College of the Pacific huko Stockton, California, akafundisha misimu mingine 14. Mwaka 1943, akiwa na miaka 81, alichaguliwa na makocha wenzake kuwa kocha bora wa mwaka. Baadaye alimsaidia mwanawe katika chuo cha Susquehanna, Pennsylvania, kisha akawafundisha wapigaji mpira kwa mguu katika chuo kidogo cha Stockton, akiwa amepita miaka 90. Mkewe, Stella, alikuwa akimchorea michoro ya mechi na kuwachunguza wapinzani, na makocha walio katika ndoa wanajua thamani ya msaada wa namna hiyo.

Limebaki swali la wanaotakiwa kushika soka na kikapu kwa pamoja. Stagg alirahisishiwa na kalenda ya Marekani, ambako futiboli ni ya miezi ya vuli na kikapu ni cha majira ya baridi. Kwetu michezo yote miwili huangukia mashindano yale yale ya katikati ya mwaka, kwa hiyo kuifundisha kwa uzito mmoja mfululizo huwachosha wanafunzi wanaocheza yote miwili. Mimi huanza mwaka na kikapu, kwa kuwa uwanja wake hauharibiwi na masika kama ule wa nyasi, na soka naipa siku mbili za mbio na pasi fupi mpaka mvua zipungue. Baada ya hapo nabadilisha uzito, na kila mchezaji wa timu zote mbili namwekea siku moja ya kupumzika ambayo nahodha wa timu yoyote haruhusiwi kuigusa. Ratiba hiyo naibandika kwenye ubao wa matangazo ikiwa na saini yangu na ya mtaaluma, na nakala yake nampa mwalimu wa zamu.