Skrini Kubwa Iwe Skrini Kuu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mhasibu. Ofisini nimeunganisha kompyuta mpakato yangu, yenye Windows 11, na skrini ya nje ya inchi 24 kwa waya wa HDMI. Zote mbili zinaonyesha vizuri, lakini karibu kila programu hufungukia kwenye kioo kidogo cha kompyuta, na alama za spika na mtandao nazo zimebaki hukohuko. Nifanyeje ili ile kubwa iwe ndiyo kuu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, Windows haichagui skrini kuu kwa kuangalia ukubwa, kwa kawaida kioo cha kompyuta yenyewe huendelea kuwa kikuu mpaka mtumiaji aamue vinginevyo. Kwa mtu anayeshinda na majedwali marefu ya hesabu, naona uamuzi wako ni sahihi kabisa, kwa kuwa skrini iliyo mbele ya macho ndiyo inayostahili kupokea kazi.

Bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye uso wa skrini, kisha ufungue mipangilio ya skrini. Utaona visanduku viwili vyenye namba 1 na 2. Namba hizo hazionyeshi ipi ni kuu, kwa hiyo bonyeza kitufe cha kutambulisha ili namba ya kila skrini ijitokeze juu yake. Hapa ndipo wengi wanapokwama: ni lazima kwanza ubofye kisanduku cha skrini kubwa, kwa sababu badiliko linahusu kisanduku kilichochaguliwa pekee. Baada ya hapo shuka hadi sehemu ya skrini nyingi, uweke tiki kwenye chaguo la kuifanya iwe skrini kuu.

Chaguo hilo likiwa limefifia, huenda umechagua skrini ambayo tayari ni kuu, au skrini zako zinaonyesha picha ileile moja. Katika hali hiyo ya pili, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, uchague kutandaza kazi kwenye skrini zote mbili, ndipo urudie hatua za awali.

Ukiwa bado hapo, vuta visanduku vifuate mpangilio halisi wa meza yako, la sivyo kishale kitagonga ukingo na kukataa kuvuka.

Baadhi ya programu hukumbuka mahali zilipokuwa zilipofungwa mara ya mwisho, hivyo zinaweza kuendelea kufungukia kwenye kioo kidogo hata baada ya badiliko hili. Zihamishie kwenye skrini kubwa kwa kubonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Shift na mshale wa kulia au wa kushoto, kisha uzifunge zikiwa hukohuko.