Kura ya Wateja wa Dagaa

SWALI: Ndugu Mhariri, ninauza dagaa wakavu kutoka mwalo wa Kibirizi, na namba 1,000 za wateja wangu zimo katika mfumo unaotuma meseji wenyewe. Wateja 500 wa mwanzo wa orodha walipata meseji inayotaja bei, waliobaki wakapata inayosifu ubora. Walinunua 30 upande wa kwanza na 20 upande wa pili. Je, nibaki na meseji ya bei? (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Ndugu msomaji, usiamue bado. Ikiwa orodha yako, kama zilivyo nyingi, inafuata tarehe ya kuandikishwa, hao wa mwanzo ni wateja wa siku nyingi ambao huenda wangenunua hata usingewaandikia neno, na sifa unayoipa meseji ni yao. Ukigawa kwa miji, Ujiji huku na Kasulu kule, kosa ni lile lile. Mtakwimu Mwingereza Ronald Fisher, alipokuwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted miaka ya 1920, alisisitiza kwamba vipande vya shamba vigawiwe mbolea kwa kura, ili rutuba ya kona moja isihesabiwe kuwa nguvu ya mbolea.

Kwanza unganisha laini za mtu mmoja, kwa sababu mchuuzi mwenye laini mbili (na ni nani siku hizi ana moja?) akipata meseji zote mbili, hutajua ipi imemleta. Kisha wagawe wateja kwa kura: katika jedwali la kompyuta, andika =RAND() mbele ya kila mteja ili upate desimali kati ya 0 na 1, uzinakili na kuzibandika kama tarakimu tupu, maana bila hivyo hubadilika kila jedwali linapoguswa, halafu upange orodha kwa kuzifuata na kuikata katikati. Kila mteja abaki katika kundi lake hadi jaribio liishe.

Meseji zote zitoke kwa wakati mmoja. Ukituma ya bei siku za giza, dagaa wanapovuliwa kwa taa, na ya ubora mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wamezima taa zao na dagaa wamepanda bei, utakuwa umepima mwezi.

Hata kwa kura safi, 30 kwa 20 katika makundi ya watu 500 ni tofauti ambayo bahati tupu huweza kuileta. Kuzitenganisha asilimia 6 na 4 kwa uhakika wa kuridhisha kunahitaji wateja wapatao 1,900 katika kila kundi. Kwa hao 1,000 ulio nao, ningeacha kulinganisha maneno, nikajaribu jambo zito zaidi, kama vile kumlipia mteja nusu ya gharama ya kusafirisha gunia.