Ombi Lisilo na Jina

Jumanne usiku dada mmoja msomaji aliniandikia: "Naomba mpaka sauti inakauka, lakini mlango haufunguki. Nyumbani hakuna anayejua." Hayo maneno ya mwisho yaliniondolea usingizi. Nimepita hapo.

Kibanda changu cha soko la Gikomba, Nairobi, kiliungua usiku. Sisi wauza mitumba tunaijua simu ya saa tisa usiku. Nilitoka Umoja na leso mabegani, nikakuta mabati yamejikunja, moshi bado unafuka. Belo mbili za nguo za watoto, kilo 45 kila moja, zote majivu. Nilikuwa nimezifungua juzi yake tu, tena kwa mkopo wa chama chetu cha kuweka na kukopa.

Wiki sita nilificha. Asubuhi natoka kama mtu anayeenda kazini, kumbe naenda kuketi kwenye Basilika ya Familia Takatifu mjini hadi watoto watoke shule. Kwenye jumuiya yetu ndogo ya kanisa, tunaposali pamoja, zamu yangu ya kuomba ikifika nasema, "Nina ombi la moyoni." Wenzangu wanaitikia, "Ee Bwana, utusikie," zamu inapita. Nilikuwa nawabebesha mzigo niliokataa kuwaonyesha.

Jumamosi moja mama mwenyekiti alinishika mkono baada ya sala. "Mwanangu, ni ombi gani hili lisilo na jina?" Nililia pale pale kwenye ngazi za ploti, watu wakipita na mitungi ya maji. Kufikia Jumatatu M-Pesa zilikuwa zinaingia, huyu mia mbili, yule hamsini. Unga ukaja, mafuta yakaja. Mzee mmoja fundi alinipigilia mbao za kibanda upya, hakutaka hata senti ya ufundi. Chama kikanisogezea deni mbele.

Si wote waliokuja. Rafiki niliyemsimamia harusi yake aliusoma ujumbe wangu, nikaona alama mbili za buluu, na amenyamaza hadi leo. Namwombea. Lakini bado inauma.

Sasa nisikilize, dada. Usiache kuomba. Zaburi ya 121 niliisoma kila siku pale Basilikani, na ndiyo iliyonisimamisha. Lakini fungua pia Marko sura ya 2, pale watu wanne walipombeba mwenye kupooza, wakatoboa dari wamfikishe kwa Yesu. Imeandikwa kwamba Yesu aliiona imani yao. Yao, wale wabebaji! Wangembebaje kama angejifungia ndani akijibu "niko salama"? Tafuta mtu mzima mwenye kifua, umwambie. Taja hata kiasi cha kodi ya nyumba, kama unadaiwa. Aibu haijawahi kulipa kodi ya mtu. Mwambie mtu, nakusihi, mwambie mtu.

Deni la chama nimelimaliza mwezi uliopita. Jumamosi hii jumuiya inasali kwangu, na majani ya chai nimeshanunua. Kama uko huku Eastlands, niandikie nikuelekeze, uje.