Punguza maharage, ugali usiuache

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama kubadili chakula siku chache kabla ya mashindano kunaweza kumfanya mtu akimbie vizuri zaidi. Kwa mbio ndefu, ndiyo. Ila mabadiliko yenyewe si haya yanayosifiwa kwenye vikundi vyetu vya jogingi hapa Moshi.

Kila Kilimanjaro Marathon ikikaribia, wapo wanaoacha wanga ghafla. Ugali hawagusi, wali hawagusi; ni nyama, mayai na parachichi. Siku mbili tatu mizani inashuka, basi furaha tele. Kumbe sehemu kubwa ya kilichopungua ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, inaitwa glaikojeni, na kila gramu yake hukaa na gramu 3 hivi za maji. Akiba ikiisha, maji nayo huondoka. Umekuwa mwepesi kwa kumwaga mafuta ya gari kabla ya safari.

Watakwambia mwili utazoea kuunguza mafuta. Ni kweli utazoea, tena upesi. Tatizo liko kwenye pumzi: lita moja ya oksijeni hutoa kilokalori 5 hivi ikiunguza wanga, lakini 4.7 tu ikiunguza mafuta. Anayejikongoja hatajali. Anayekimbiza muda atajua. Mwaka 2017 Louise Burke na wenzake wa Australia walichapisha matokeo ya wanamichezo hodari wa matembezi ya kasi waliopunguza wanga mno kwa wiki 3. Mafuta waliyaunguza kweli kweli, lakini muda wao wa kilomita 10 haukuwa bora, huku wenzao waliokula wanga wakijiboresha.

Kinachosaidia kwa marathoni kamili ni kinyume chake: siku mbili za mwisho punguza mazoezi, ongeza wanga hadi gramu 10 kwa kila kilo ya uzito wako. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 600 kwa siku, yaani karibu gramu 800 za unga mkavu wa mahindi. Ugali wa unga huo wote hamalizi mtu mmoja (shemeji yangu simhesabu), kwa hiyo changanya na uji wenye sukari, mkate mweupe, viazi, juisi. Chagua sembe, dona iache kwanza. Maharage na mboga za majani visubiri mbio ziishe Jumapili, la sivyo utatafuta choo kilomita ya 25. Mizani ikipanda kilo moja au mbili usishtuke, ni maji yale yale yamerudi.

Kwa kilomita 5 au 10 usijisumbue; akiba ya kawaida inatosha, kula ulivyozoea. Na mwenye kisukari asiifuate hesabu hii kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Msomaji, Moshi