Uliza Fundi: Sinki la zamani, nilitupe au nilitengeneze?

SWALI: Kaka habari za kazi. Tumehamia nyumba ya zamani huku Raskazone, Tanga, na uani chini ya mwembe tumekuta sinki jeupe, zito balaa, kuku ndo wanalinywea maji. Mi nimelipenda nataka lirudi jikoni. Ndani lina madoa ya kutu yaliyochuruzika toka kwenye bomba, halafu kuna mistari midogo midogo kama nywele imejaa kote. Fundi wetu anasema tulitupe tununue la stenlesi, au kama tunalazimisha basi alimwagie asidi ya chooni ling'ae. Tumsikilize? – Msomaji, Tanga

JIBU: Dada yangu, hiyo asidi mzuie kwanza, mengine tutaongea. Kabla hujamwagia kitu chochote jua sinki lenyewe ni la nini. Chukua sumaku, hata ile ya spika mbovu, bandika chini yake. Ikinasa ujue ni chuma kilichopakwa enameli, yaani utando mgumu kama kioo, na enameli za zamani nyingi hazistahimili asidi, zikiguswa mng'ao unakufa na ukifa haurudi, kila doa la chai litakuwa linaganda hapo. Isiponasa ni udongo wa kuchoma, zile sinki nene za Kiingereza, geuza uangalie mgongoni mara nyingi utakuta mhuri, Twyfords, Doulton, Shanks, hao ndo walikuwa wanazitengeneza.

Kwa uzito ulioutaja nahisi ni la udongo. Sasa ile mistari kama nywele isikutishe, hiyo ni glezi tu, ule utando wa kung'aa juu ya udongo, imechanika juu juu kwa uzee. Ufa wa kweli unaujua hivi: gonga na sarafu kuzunguka lote, zima linalia kama kengele, lenye ufa linatoa mlio uliokufa. Halafu ziba tundu, jaza maji, lala, asubuhi papasa mgongoni kama kuna unyevu. Kama kukavu, umeokota mali.

Kusafisha anza na sabuni na maji moto, kinyesi cha kuku kitoke chote. Ule ukoko mweupe wa chumvichumvi tandikia matambara yaliyolowa siki uyaache masaa kadhaa, kutu tumia ndimu na chumvi, rudia rudia usikate tamaa siku ya kwanza. Kama ni la enameli ndimu iguse dakika chache tu usuuze. Stilwaya usilete kabisa, na msasa mkavu ndo kabisaaa, glezi na enameli za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu hasa kwa watoto. Halafu tafadhali sana, Jik na siki au ndimu visikutane kwenye sinki moja, vinatoa gesi ya klorini, nawajua watu hupenda kuchanganya "ili iwe kali".

Kuna mafundi wa rangi za magari watakwambia wanalipulizia liwe jipya. Linapendeza kweli, ila hiyo ni rangi, enameli halisi inachomwa kwenye tanuru joto la nyuzi 800 hivi, sasa ya kwenye kompresa ukiweka sufuria ya moto inabanduka. Mimi ningeacha na alama zake.

Kulifunga hakuna shida, nyuzi za bomba zetu bado ni za Kiingereza, westi (kile kipande cha kwenye tundu la kutolea maji) ya inchi moja na nusu ya dukani kwa kawaida inaingia. Kama ubavuni juu kuna tundu la kufurikia, nunua westi yenye upenyo pembeni, la sivyo maji ya tundu hilo hayana pa kutokea. Ila uzito! Lenyewe tu linaweza kufika kilo 40, likijaa maji ni zaidi ya mara mbili, kwa hiyo kabati la mbao laini sahau, jenga miguu miwili ya matofali na ubapa wa zege juu. Na weka mkeka wa mpira ndani, glasi ikidondoka kwenye udongo ule haiponi.

SWALI: Niko Nairobi, natafuta sinki kama ile ya kwa nyanya yangu, ile ya terazo yenye ubao wa kuanikia vyombo umeunganishwa. Naipata wapi? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Ya kununua iliyong'olewa kwenye nyumba ya zamani ni ngumu kidogo, terazo mara nyingi ilimwagwa hapohapo ukutani na ikibanduliwa inavunjika. Za udongo na za chuma ndizo hutoka nzima, zunguka Kilimani, Kileleshwa, Parklands, kule bungalo za zamani zinabomolewa kupisha maghorofa, uongee na msimamizi wa saiti mapema kabla tingatinga halijaingia. Za chuma ukichelewa zinaenda kwa wa skrapu, na yule ananunua kwa kilo, anazipiga nyundo.

Kwa terazo mimi ningetafuta fundi wa sakafu, wale wazee, aimwage upya: simenti nyeupe, kokoto za marumaru, nondo nyembamba ndani, ikikauka vizuri isagwe kwa mashine hadi iwe laini halafu ipakwe sila, ile dawa ya kuziba vinyweleo. Mwambie mteremko wa ubao uelekee kwenye bakuli, wengi wanausahau na maji yanatuama. Na ule ushauri wa ndimu na siki niliompa dada wa Tanga wewe usiufuate, marumaru na simenti vinaliwa na asidi, hata ukisahau kipande cha ndimu usiku asubuhi unakuta alama. Sabuni ya kawaida na maji inatosha, na ikichakaa sana unamwita tena mtu wa mashine anaisaga juu kidogo.